Waliokufa Kitabuni

Kwenye tanuri la mikate, mlimani
3 Februari

Chiriku wangu,

Natumai hujambo na kazi yako ya kuhesabu watu wa wenzio inakwenda vizuri. Mimi mzima, ila nina hasira. Tangu juzi nalala nayo naamka nayo. Wamebandika tangazo kwenye mlango wa wodi ya wazazi: mji wenye watu chini ya elfu mbili hauruhusiwi kuwa na wodi. Wanasubiri sensa ya mwezi wa tano. Idadi yetu isipopanda, vitanda vyote vinne vinapakiwa kwenye lori, na wajawazito watakwenda kujifungulia bondeni.

Mwanangu, wodi ile hatukupewa na mtu. Unakumbuka serikali ilivyotukatalia, ikasema mji wenyewe mdogo. Kisha binti yangu, binamu yako, akajifungulia kwenye barabara ya bondeni, mvua inanyesha, daraja limekatika, na mtoto akafa kabla sijapata hata kanga kavu ya kumfunika. Ndipo tukaijenga wenyewe. Mawe ya msingi niliyabeba kwa mgongo huu huu unaonisumbua leo. Na sasa ni mjamzito tena, anatarajia mwezi wa sita. Unataka nimwambie nini? Apande lori pamoja na vitanda?

Wewe uko kwenye ofisi hiyo hiyo ya kuhesabu watu. Waambie waache upuuzi. Mji mdogo wapi? Tangu mwoka mikate wa mtaa wa chini astaafu, mimi na vijana wangu tunatoa mikate mia tisa kwa siku, na kabla ya saa sita mchana rafu ziko tupu, watu wananigombeza kana kwamba nimeila mwenyewe.

Barua hii unaletewa na dereva wa lori la unga. Usinipigie simu. Simu yenyewe iko kaunta, na kila anayenunua mkate ananunua na habari.

Shangazi yako

*

Ofisi ya Takwimu, ghorofa ya tatu
17 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, na mara zote mbili nimeumia. Mpe pole binamu. Mwambie simsahau.

Sasa niseme ukweli ambao hutaupenda. Sensa iliyopita iliandika kwamba mji wetu una watu 1,140. Iliyotangulia iliandika 1,600. Kwa macho ya wizara, huo ni mji unaokufa. Mimi siwezi kuongeza hata mtu mmoja. Nikifanya hivyo ni wizi, na nitakuwa nimewapa sababu ya kuifunga wodi kwa furaha.

Kazi niliyopewa wala si ya sensa yenyewe. Mwaka huu wa sensa ofisi inatoa na kitabu, na mimi naandika sura ya kwanza: idadi ya watu wa nchi yetu tangu zamani. Unajua jinsi nchi yetu ilivyo ndogo, basi usidhani historia yake ni fupi. Watawala wa kwanza kutoka ng'ambo walipofika waliandika kwamba tuko elfu tisini. Miaka themanini baadaye wakaandika elfu arobaini. Kisha machimbo ya mawe yakafunguliwa, watu wakaja kutoka nchi jirani, wakaoa na kuolewa, tukaongezeka. Kisha vita vikachukua vijana. Kisha vijana waliobaki wakaanza kuondoka wenyewe kwenda kutafuta maisha. Leo tuko laki tatu na kidogo.

Kinachonisumbua ni pale tuliposhuka kutoka elfu tisini hadi arobaini. Mkurugenzi wetu alipaita Karne ya Vifo alipokuwa kijana, na kwa jina hilo akapata digrii, kiti na heshima. Kila mtoto wa shule analijua. Lakini mimi nimetafuta makaburi, sijayaona. Watawala wale walilalamika juu ya kila kitu, hata mbu na chumvi yenye mchanga, na hakuna mahali waliposema kwamba wanazika watu. Watu elfu hamsini wamekufa bila kumsumbua mtu yeyote?

Na wewe unanisumbua na mikate yako. Watu 1,140, toa wachanga wasio na meno, toa wazee wa uji. Nani anakula mikate mia tisa?

Mwanao,
Chiriku

*

Mlimani
1 Machi

Chiriku,

Marahaba. Watu wa kwetu wanakula vizuri. Hilo nalo ni kosa?

Sikukuandikia ili unihesabie mikate. Nimekuomba jambo dogo. Andika elfu mbili, halafu uchore mstari. Nani atapanda mlima huu kukuuliza? Kalamu si iko mkononi mwako? Nilikusomesha kwa kuamka saa tisa za usiku kukanda unga, na leo unaniambia habari za wizi.

Binti yangu miguu imevimba. Muuguzi anasema apumzike, yeye anapumzika kwa kufua mapazia. Wodini kuna mama mmoja amejifungua mapacha juzi, na baba yao, yule fundi viatu mwenye kigugumizi, ameimba barabara nzima bila kukwama hata mara moja.

Huyo karani wa sensa akija tutampokea vizuri kama kawaida. Tutampa chai, tutamjibu, ataondoka. Wewe usije siku hiyo. Hatutakuwa na nafasi, stoo itakuwa imejaa.

Shangazi yako

*

Ofisini
12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Stoo itakuwa imejaa nini?

Nimelala na sentensi hiyo siku kadhaa, na jana nikiwa napanda ngazi za ofisi nikakumbuka. Nilikuwa mdogo, labda wa miaka sita. Ulituingiza watoto wengi kwenye stoo ya unga, ukasema tunacheza mchezo wa panya: panya anayesikika anakosa chakula cha jioni. Mimi nikawa siwezi kunyamaza, ndiyo maana mnaniita Chiriku mpaka leo, na wewe ukaniziba mdomo kwa kipande kikubwa cha mkate wa moto. Niliungua ulimi. Nje nikasikia mwanamume mgeni akikuuliza, "Mama, mko wangapi hapa?" Na wewe ukajibu kwa sauti laini ambayo sijawahi kukusikia ukiitumia na mtu mwingine, "Tuko wawili tu, bwana."

Shangazi, haukuwa mchezo. Mlikuwa mnatuficha.

Ndiyo maana mikate mia tisa. Mji haufi. Mji umejificha, na mnajificha vizuri kiasi kwamba serikali imewaamini. Wodi inafungwa kwa sababu yenu wenyewe!

Sijawahi kukuandikia kwa ukali namna hii. Lakini niambie ukweli. Mmefanya hivi tangu lini? Naomba unijibu kama mtu mzima mwenzio, maana nina makaburi elfu hamsini yaliyonipotea, na nimeanza kufikiri kwamba hayakuwahi kuchimbwa.

Chiriku

*

Mlimani
25 Machi

Chiriku,

Umenikasirikia kwa maandishi mazuri sana. Ada ya shule haikupotea.

Haya. Ndiyo. Tunaficha, na sioni haya. Hata wewe, mhesabu watu wa serikali, hukuwahi kuhesabiwa mpaka ulipohamia mji mkuu. Miaka yote ya utoto wako hukuwepo. Ulikuwa unakula mkate wangu na kuvunja vikombe vyangu, na hukuwepo.

Tangu lini? Tangu watawala wale wa mbu na chumvi. Walikuwa wavivu wa kupanda mlima. Alfajiri walisimama kule chini wakahesabu moshi. Moshi mmoja, nyumba moja. Nyumba moja, watu sita. Watu sita, kodi yake hii. Bibi zetu wakaelewa kwamba kinachotozwa ni moshi, basi siku ya kuhesabiwa nyumba saba zikapika kwenye jiko moja. Zilizobaki zikala viporo vya baridi na kucheka. Na hata bondeni walifanya hivyo hivyo, ila wao wamesahau, sisi hatujasahau. Hiyo ndiyo Karne ya Vifo ya bosi wako. Hakuna aliyekufa. Walikula viporo.

Yakaja machimbo. Wakahesabu wanaume wenye mabega, na waliohesabiwa wakachukuliwa. Moshi haukutosha tena, tukaanza kuficha watu wenyewe. Kila nyumba inatoa nusu: nusu inakaa sebuleni na karani, nusu inakuja kwangu stoo au inapanda kwenye machimbo ya zamani. Mimi na baba yako tulifichwa ndani ya tanuri lililopoa. Tulitoka tumejaa masizi, mama akatucheka hadi machozi.

Lakini kaka yetu mkubwa alikataa kuingia. Hili hujawahi kuambiwa. Alikuwa na miaka kumi na minne, anajua kusoma, akataka karani aone. Akakaa sebuleni, akataja jina lake na umri wake kwa sauti, akaisoma na fomu yenyewe. Miaka minne baadaye vita vilipoanza, wakaja na orodha, na jina lake lilikuwemo. Wa tanurini hawakuitwa. Hakurudi. Nguo zake mama alizifua kila mwaka mpaka zikachanika.

Kwa hiyo usinifundishe habari ya kuhesabiwa. Kila walipojua tuko wangapi, walichukua. Mara ya mwisho tulijitahidi kuliko kawaida, ndiyo maana idadi imeshuka, na yule mwashi jirani yetu akatununulia soda wote. Wakija kuchukua vitanda watanikuta nimelala mlangoni mwa wodi na uzito wangu wote, na unajua si haba. Lakini kusimama mstarini nihesabiwe? Thubutu!

Shangazi yako

*

Ofisi ya Takwimu
2 Aprili

Kwa Mkurugenzi,

Naambatanisha sura ya kwanza kama ulivyoagiza. Utaona nimeondoa maneno "Karne ya Vifo". Nimeeleza kwamba anguko la kutoka elfu tisini hadi elfu arobaini halina makaburi, halina taarifa ya njaa wala ya maradhi, na kwamba lilianza mwaka ule ule kodi ya moshi ilipoanza. Nimeeleza pia kwamba katika mji mmoja wa mlimani desturi ya kujificha siku ya hesabu inaendelea hadi leo, kwa ushuhuda wa wanaoifanya, shangazi yangu akiwemo, nami nikiwa mmoja wao.

Kwa maoni yangu watu hawa hawakufa. Walikataa. Nadhani nchi ina haki ya kujua hivyo.

Mwandishi wa sura ya kwanza

*

Ofisi ya Mkurugenzi
6 Aprili

Kwa Mwandishi wa sura ya kwanza,

Yah: Rasimu uliyowasilisha

Rejea barua yako ya tarehe 2 Aprili. Ofisi hii haiandiki historia kwa kutegemea masimulizi ya shangazi za watumishi wake. Karne ya Vifo ni jambo lililothibitishwa kitaaluma, na taifa limejenga juu yake mnara, sala na wimbo.

Aidha, nimebaini kuwa mji unaoutaja ni wa kwenu, na kwamba huduma fulani ya afya huko inategemea matokeo ya sensa ijayo. Natumaini si nia yako kuandaa mazingira ya idadi kupandishwa. Ongezeko lolote lisilo la kawaida katika mji huo litachukuliwa kuwa udanganyifu mpaka ithibitike vinginevyo, na wewe huruhusiwi kuhusika na hesabu ya huko kwa namna yoyote.

Irekebishe sura kabla ya mwisho wa wiki. Vinginevyo nitaiandika mwenyewe.

Mkurugenzi

*

Chumbani kwangu
9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Habari ya baba mkubwa imenikalia kifuani. Nimekuwa nikiitazama ile picha yake ya ukutani tangu utoto, nikidhani alikufa kwa homa kwa sababu ndivyo mlivyotuambia.

Mkurugenzi ameniamuru nirudishe wafu wake kitabuni. Nimekataa. Nimemrudishia rasimu ile ile, sijabadilisha hata nukta. Sura ameichukua, ataiandika mwenyewe, na mimi nimehamishiwa chumba cha chini kupanga fomu za zamani kwa rangi. Usinionee huruma. Chini kuna baridi lakini hakuna wakubwa.

Sasa nisikilize, na usiirushe barua hii tanurini kabla hujaimaliza.

Kaka yenu alichukuliwa kwa sababu alihesabiwa. Hilo sikubishii, na kama ningekuwa mama yenu ningewaficha wote watatu kwa nguvu. Lakini mtoto wa binamu, je? Mlipoomba wodi mara ya kwanza mkajibiwa kwamba mji ni mdogo. Nani aliwaambia ni mdogo? Sisi. Tulimwambia karani kwa sauti laini, tuko wawili tu, bwana. Daraja lilipokatika na mvua ikawa inanyesha, binamu alikuwa barabarani kwa sababu nusu yetu tulikuwa stoo na mikate mdomoni. Nasema "sisi" kwa sababu na mimi nilikuwemo.

Zamani walitaka kutuchukua, tukajificha, nao wakashindwa. Ule ulikuwa ujasiri, na ndivyo nilivyoandika. Leo hawataki kutuchukua. Wanataka tusiwepo. Ukijificha kwa mtu anayetaka usiwepo, umemfanyia kazi yake.

Mimi siwezi kuja. Nikionekana mlimani siku ya sensa watafuta hesabu yote. Itabidi mtoke wenyewe, kila mtu kwa miguu yake, na iwe kweli tupu, maana wanasubiri tu kusema tumedanganya. Usimkope hata jirani wa bondeni kujaza idadi. Watu wetu wanatosha.

Sikuamuru, Shangazi. Nakuomba.

Mwanao,
Chiriku

*

Mlimani
7 Mei

Chiriku,

Najua umekuwa ukimsumbua dereva wa lori kila wiki kama ana barua yangu. Hakuwa nayo kwa sababu sikuandika. Nilikuwa nimekukasirikia. Ile sentensi ya mikate mdomoni niliichana, kisha nikaokota vipande.

Tarehe 4 binti yangu alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Mvua ya kutosha, na daraja limekatika tena, kama vile lilikuwa linamsubiri yeye. Tulivuka barabara tu kufika wodini. Mtoto alitoka miguu kwanza, na mama yake akavuja damu mpaka godoro likawa la kutupwa. Muuguzi na daktari kijana wa wodi walimshughulikia mpaka asubuhi. Mimi nilikaa nje kwenye benchi nikiwa na unga mikononi, sikuwa na akili hata ya kunawa. Wote wawili wazima. Msichana, mdogo, mkali, analia kama ana kesi na mtu.

Sasa sikia. Muuguzi akaja na daftari la vizazi. Nami kwa mazoea, nakuapia hata sikufikiri, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Huyu usimwandike." Ndivyo tunavyofanya, mmoja anaandikwa, mmoja anaachwa. Muuguzi ni wa hapa, anajua, akafunga daftari.

Binti yangu alikuwa hana nguvu hata ya kushika kikombe. Akainuka kwa viwiko, akapiga kelele mpaka wodi nzima ikasikia: "Mwandike! Wa kwanza hamkumwandika popote, wala kuzaliwa wala kufa. Nikisema nilizaa, hakuna karatasi inayokubali. Huyu mwandike, na andika kwa wino!"

Nilitoka nje nikalia, Chiriku. Sikulia tulipomzika yule wa kwanza, nilikuwa na kazi ya kumshika mama yake. Nimelia sasa.

Basi nikaita watu, tukajaa kwenye chumba cha tanuri mpaka milango ikashindwa kufunga. Nikawasomea barua yako. Mwashi akasimama akasema mpwa wangu ametumwa na serikali, kwamba nimezeeka na sasa nawauza watu. Nikamwambia, "Mwashi, kaka yangu walimchukua, wako hawakumgusa, kwa hiyo usinifundishe kuogopa." Akasema bibi zake watamlaani. Binti yangu akaingia na mtoto kifuani, hajapona hata kidogo, akamwekea mwashi yule mtoto mikononi na kumwambia, "Haya, mpeleke stoo wewe mwenyewe." Mwashi akabaki amesimama naye. Hakumpeleka popote.

Hatukukubaliana usiku ule. Wengine waliondoka bila kuaga. Sijui itakuwaje. Mimi nitatoka, hata nikiwa peke yangu na mtoto huyu.

Shangazi yako

*

Mlimani
22 Mei

Chiriku,

Siku ya sensa tulifunga tanuri. Kwa kuwa sikuwa na kazi ya mikono nilikuwa na hofu nyingi. Nikavaa gauni nililovaa kwenye harusi ya binti yangu, nikaweka kiti katikati ya barabara, si sebuleni, nikakaa. Binti yangu akaja na mtoto. Kisha fundi viatu na mapacha. Kisha sikuona mtu kwa muda mrefu, na nikaanza kutukana kimoyomoyo.

Halafu wakaanza kushuka kutoka machimbo ya zamani. Walikuwa wamekwenda kujificha, Chiriku, walipanda kweli tangu alfajiri, na wakageuka wenyewe. Mwashi alikuwa mbele. Hakunitazama. Alikuja akakaa chini karibu na kiti changu, akasema, "Anza na mimi, kabla sijabadili mawazo."

Karani ni kijana wa watu, mpole, amezoea kunywa chai kwenye nyumba zenye watu wawili. Alipoona barabara akadhani kuna msiba. Kishikwambi chake kikaisha chaji, akachukua karatasi. Karatasi zikaisha, akaandika nyuma ya mifuko yangu ya mikate. Kuna wazee walitaja majina yao kwa mtu wa serikali mara ya kwanza tangu wazaliwe, na walisimama wima kama wako kanisani au msikitini. Mmoja alitaja jina, akamwomba karani alisome, kisha akamwomba alisome tena.

Tuko 2,316. Wewe hatukukuweka. Kila mmoja ni kweli.

Ilipofika zamu yangu nilitaja jina langu kwa sauti. Nilimtaja na kaka. Karani akasema wanahesabu walio hai tu. Nikamwambia najua, nilitaka asikie.

Shangazi yako

*

Ofisi ya Mkurugenzi
5 Juni

Kwa Msaidizi, Chumba cha Fomu,

Yah: Matokeo yenye mashaka

Mji wenu umeongezeka mara mbili katika miaka kumi. Jambo hilo haliwezekani kibaiolojia. Matokeo yamezuiwa, na amri ya kufunga wodi inabaki palepale. Unatakiwa kueleza kwa maandishi ulivyoshiriki.

Mkurugenzi

*

Chumba cha Fomu
5 Juni

Kwa Mkurugenzi,

Nilishiriki kwa kuzaliwa huko.

Huamini karani wako, huniamini mimi. Basi nenda mwenyewe. Usitume mtu. Nenda ukawaguse. Ukikuta amepungua mmoja, nitaandika kwa mkono wangu kwamba nimedanganya na nitaondoka bila kudai kitu. Ukiwakuta wote, utasaini wewe, si msaidizi wako.

Nakala ya barua hii nimeipeleka wizarani na kwenye magazeti mawili, kwa hiyo wataulizia ulivyojibu.

Chiriku, kama wanavyoniita nyumbani

*

Kwenye tanuri la mikate, mlimani
30 Julai

Kwa Mkurugenzi,

Salamu. Ni mimi mwoka mikate, uliyelala kwenye chumba changu cha juu ukalalamika joto. Natumai ulifika salama na kwamba kiatu chako kilichoshonwa hapa bado kizima. Fundi anasema hadai kitu.

Ulikuja umenuna, nakiri uliondoka hujanuna sana. Ulipita nyumba kwa nyumba, ukatushika mikono kama tunapimwa homa. Ulimhesabu na mjukuu wangu, akakutapikia begani, ukaandika hivyo hivyo. Ulisaini 2,321, kwa sababu wodi haikukusubiri, ilikuwa imezalisha watano zaidi. Kwa ajili ya wodi kubaki wazi nakushukuru, ingawa kwa shingo upande.

Sasa kitabu chako kimetufikia. Dereva wa lori alileta nakala moja, na jioni tulikaa mbele ya wodi, mwashi akatusomea kwa sauti. Tumefika ukurasa wa thelathini na moja. Umeandika Karne ya Vifo. Umeandika kwamba watu wa milimani waliangamia wote, na kwamba wanaoishi huku leo ni watu wengine waliokuja baadaye. Umeandika hayo baada ya kula kwenye meza yangu.

Mwashi akafunga kitabu. Kisha mama wa miaka tisini na kitu, ambaye ulimshika mkono wewe mwenyewe, akauliza, "Kwa hiyo sisi ni akina nani?" Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Bwana Mkurugenzi, mpwa wangu alikuandikia kwa adabu ya ofisi, ukamshusha chini. Mimi sina ofisi. Bibi zangu hawakufa. Walizima majiko yao wakala baridi kwa miaka themanini ili watu kama wewe wakosee hesabu, na wewe umekosea, miaka yote hii, mpaka ukapewa kiti kwa kukosea. Mwaka huu tumetoka wenyewe, tukasimama barabarani, tukataja majina yetu. Haikuwa rahisi. Na huwezi kutuhesabu wazima kwenye fomu na kutuacha maiti kitabuni.

Chagua moja. Ufute maneno yale, na jina la mpwa wangu lirudi kwenye sura aliyoiandika, ama uje utuzike. Ukija, njoo na majembe ya kutosha, maana tuko wengi, na hakuna hata mmoja wetu atakayekubali kulala.

Mwoka mikate